Nyufa Arobaini na Moja za Bwana Ufa

Baada ya miaka thelathini na minne ya kulihudumia jengo hili, fundi mkuu wetu wa matengenezo atastaafu Ijumaa ya mwisho wa mwezi huu, saa kumi jioni. Mkuu wa utumishi ameniomba niandike katika jarida hili habari za mtu tu, nisiguse habari za jengo. Nimejaribu siku tatu. Haiwezekani, na yeye mwenyewe anajua haiwezekani.

Alianza kazi hapa akiwa na miaka ishirini na sita, kibarua wa kupaka chokaa. Leo hakuna mlango katika ghorofa hizi tatu ambao hajaushusha na kuupandisha tena. Hapa ndipo watu wa mji huu wanapoandikishwa wakizaliwa, wakioana na wakifa. Mimi nimekaa dirisha la vizazi miaka kumi na tisa, kwa hiyo najua vizuri maji yakianza kudondokea foleni huwa anaitwa nani. Kuna siku kitasa kiligoma, bwana harusi yuko ndani. Fundi alikifungua kwa kijiko cha chai, bwana harusi akatoka jasho likimtiririka, naye fundi akamwambia bado ana nafasi ya kufikiri.

Tunamwita Bwana Ufa, na jina hilo kalitafuta mwenyewe. Mkewe, mwalimu wa hesabu, anasema kwenye harusi ya binti yao mzee aliziangalia kuta za ukumbi zaidi kuliko alivyowaangalia maharusi.

Utaratibu wake ni huu. Akiona ufa, huupitishia utepe mwembamba wa plasta ya ukutani, huandika tarehe kwa penseli, kisha husubiri. Ukuta ukisogea, plasta hukatika. Isipokatika kwa misimu miwili ya mvua, huuzungushia ufa ule duara jekundu, maana yake umelala, usisumbuliwe. Kwa nini jekundu? Mwaka wa kwanza stoo ilikuwa na rangi moja tu, iliyobaki baada ya kupaka ndoo za zimamoto. Miaka hiyo yote hakuna aliyemuuliza, naye hakumweleza mtu.

Mwaka jana halmashauri, mwajiri wetu, iliamua jengo libomolewe ili pajengwe maduka ya ghorofa kumi yenye maegesho chini yake. Wakaletwa wataalamu watatu wenye kamera, wiki ambayo Bwana Ufa alikuwa likizo, amekwenda kumwona mjukuu wake wa kwanza. Walimaliza kazi kwa saa mbili. Ripoti yao ilisema jengo lina nyufa hatari arobaini na moja, na kwamba idara ya matengenezo yenyewe ilikwisha kuziwekea zote alama nyekundu za tahadhari.

Aliisoma ripoti hiyo amesimama kwenye korido, kofia mkononi. Kisha akaja dirishani kwangu, foleni ikiwa ndefu, akaniambia, "Dada, jengo nimeliua kwa mkono wangu." Nilimwona akilia, na siandiki hili kumwaibisha. Siku mbili hakula mchana.

Siku ya tatu alikuja na ngazi fupi. Saa ya chakula akaanza kuwapandisha watu, kwanza makarani, kisha wananchi waliokuwa kwenye foleni, akiwaonyesha tarehe moja baada ya nyingine. Plasta ya miaka kumi na minane, nzima. Ya miaka ishirini na miwili, nzima. Ukweli wake ulitutia hata wasiwasi, maana aliwapeleka pia kwenye ukuta wa stoo ya nyuma, ambao hauna duara lolote na ambao plasta yake imekatika mara tatu. Huo ni mbovu kweli, na ameuombea matengenezo kwa barua saba zisizojibiwa. Nakala ninazo.

Mkurugenzi wa halmashauri akampa barua: mtumishi haruhusiwi kulizungumzia jengo na mtu yeyote asiye mtumishi. Bwana Ufa aliitii neno kwa neno. Kesho yake alisimama kando ya ufa wa kwenye ngazi, kimya kabisa, kidole kwenye tarehe, watu wakasoma wenyewe. Mama mmoja aliyefuata cheti cha mtoto alirudi na majirani zake. Majirani hao ndio walioanza kukusanya saini, na saini zilipofika elfu sita halmashauri ikakubali kufanya kikao cha wazi kabla ya jengo kuguswa.

Hata hivyo, mtego ulikuwepo. Mwanasheria wa halmashauri alisema maana ya alama zile inaweza kuelezwa na aliyezichora tu, na aliyezichora ni mtumishi, na mtumishi kakatazwa kusema. Mwezi uliopita wakamletea mkataba wa miaka miwili zaidi, cheo kipya, ofisi yenye kiyoyozi. Wengi wetu tungesaini hata bila kuusoma. Yeye aliuliza jambo moja tu: akisaini, siku ya kikao atakuwa bado mtumishi? Akajibiwa ndiyo. Akaurudisha, akashukuru kwa heshima zote. Mkewe alimwambia kwamba kama angesaini, angelala hukohuko kwenye kiyoyozi chake.

Tunaambiwa tunazuia maendeleo. Sawa, tunayazuia, kama maendeleo ni kubomoa kitu kizima kwa ripoti ya saa mbili. Nina hasira, na sioni sababu ya kuificha kwenye jarida la wafanyakazi.

Kikao ni Jumanne, saa tatu asubuhi, siku nne baada ya yeye kustaafu. Siku hiyo hatakuwa na mwajiri wa kumnyamazisha. Wafanyakazi kumi na saba wa jengo hili tumeshajaza fomu za likizo ya siku moja, sababu: shughuli binafsi. Mkuu wa utumishi, tunaomba uzipitishe zote. Ya kumi na nane nimeiona mezani kwako, na mwandiko ni wako.

Bwana Ufa, asante kwa kila mlango na kila paa, na kwa kutufundisha kutazama kabla ya kuamini. Wastaafu wengine huwa tunawatakia mapumziko mema. Wewe tunakutakia afya, koo lisilokauka na kiti cha mbele. Umenyamaza vya kutosha. Jumanne sema yote.