Bunduki Haiendi kwa Zamu: Wakili Trizah Chepkemboi Anastaafu

Ijumaa hii, tarehe 28 Novemba 2025, Wakili Trizah Chepkemboi anastaafu baada ya kuitumikia ofisi yetu ya Nakuru kwa miaka thelathini na mmoja. Wakuu waliniomba niandike ukurasa mmoja mtamu wa kusomwa wakati wa chai. Ukurasa nimeandika. Utamu wasiutarajie sana, maana nimekasirika, na bora lawama kuliko fedheha.

Madam Trizah ni mzaliwa wa Keringet, binti wa wakulima wa viazi. Alipojiunga nasi akiwa wakili kijana, wanaume wa ofisi walikuwa wamejigawia kesi zote za mashamba, wakamwachia wosia na udhamini wa familia, kazi waliyoiona ni ya kukaa na wazee na kunywa chai. Udhamini, kwa wasioujua, ni mzee kuikabidhi mali yake kwa watu wachache anaowaamini, wadhamini, waitunze kwa niaba ya ukoo mzima, ili siku akizikwa watoto wasishikane mashati kaburini. Kazi hiyo ya chai ndiyo iliyokuja kuilisha ofisi hii. Hilo sijaliona likitajwa kwenye hotuba ya mtu yeyote.

Hasira zake mnazijua. Aliwahi kuifukuza mashine ya kunakili ofisini, akaisukuma mwenyewe hadi kwenye ngazi. Wadhamini wote aliwasimamisha waisome hati kwa sauti, kila mmoja ukurasa wake, na aliyesinzia alianza upya. Mzee mmoja wa Naivasha alikuja na wazo kwamba bunduki yake iingizwe kwenye udhamini ili kijana wake aliyenyimwa leseni aitumie kwa jina la familia. Mlango ulikuwa wazi, nasi sote tulisikia jibu: “Mzee wangu, udhamini si blanketi ya kufunika kila kitu. Beba kofia yako uende.”

Bunduki ndizo zilizomjengea jina. Kwenye mashamba ya zamani ya walowezi, wazee wengi walikuwa na bunduki halali za kufukuzia nyati na wezi wa ng'ombe. Mzee akifa, familia iliogopa kuulizwa maswali, ikaificha silaha darini au ndani ya gunia la mahindi. Madam Trizah alizunguka kutoka boma hadi boma akiwakaripia mpaka wakazitoa. Kisha akaandika kifungu chake, kile tunachokiita kifungu cha Trizah: thamani ya bunduki inaweza kuwa ya familia, lakini mkono wa kuishika ni wa mdhamini mmoja tu, yule mwenye leseni yake mwenyewe. Huyo akifa au leseni ikikatika, bunduki inakwenda kituo cha polisi siku hiyo hiyo, si kwa shemeji.

Sasa nifike pale ambapo wakuu walitaka nipapite haraka. Mwaka jana tulimpoteza mteja mkubwa, familia ya marehemu Muiruri wa Subukia, na humu ndani ikasemwa kwamba tulimpoteza kwa sababu ya mdomo wa Madam Trizah. Aliondolewa kwenye kazi ya udhamini aliyoijenga kwa mikono yake, akapewa chumba kando ya jikoni, akawa anapitia hati za ploti. Mwaka wake wa mwisho wote aliumaliza akinusa sufuria za wengine. Hakujitetea hata kwa neno moja, nasi hatukujua sababu. Wiki iliyopita wenyewe wa Subukia walikuja wakanieleza, wakaniruhusu niandike na majina yao.

Mzee Muiruri aliwaacha wadhamini watatu: Hiram, kifunguamimba mwenye leseni, Mbugua, na dada yao Sue. Hati waliisoma wakiwa wima, kila mtu ukurasa wake. Lakini walipofika nyumbani waliona vibaya Hiram kukaa na bunduki ya baba peke yake, kana kwamba ndiye aliyezaliwa na wengine waliokotwa. Wakafanya wanachokijua. Wakaizungusha kama pesa za chama, kila mtu na zamu yake. Kila mwezi, baada ya ibada, familia ilikula pamoja, mchungaji akaomba, na bunduki ikahamia nyumba inayofuata ikiwa imefungwa kwa leso. Hawakuona kosa lolote, tena walifurahi. Zamu ilipofika ya pili tu, ya Mbugua, wakamletea Madam Trizah picha ya makabidhiano, wakiwa na mkate wa kuoka na maziwa ya shukrani.

Katika picha ile Hiram anacheka, Mbugua anacheka, na Sue anatazama chini. Mwezi uliofuata ulikuwa wa nyumba ya Sue. Madam Trizah aliwatuma Hiram na Mbugua wakanywe chai chini kwenye kibanda cha Odongo, akafunga mlango, akamuuliza Sue kulikoni. Sue alisema bwana yake humpiga. Alisema juzi bwana huyo alimwambia, mbele ya watoto, kwamba sasa kitu chenyewe kinakuja, na ataona. Kaka zake hakuwa amewaambia kwa aibu, na alimsihi Madam asiwaambie. “Madam, mimi nilinyamaza tu. Ningekataa vipi zamu yangu na wote wamesema ni haki yangu?”

Neno la mteja halitoki chumbani, na Madam Trizah ni wakili. Alichoweza kufanya ni kupiga kelele kuhusu kitu kingine. Aliwaita wale ndugu, akawafokea juu ya sheria mpaka watu wa benki ya jirani wakatoka nje kusikiliza, kisha akapanda gari nao hadi Subukia, akasimama huku Hiram akiitoa bunduki ndani ya nyumba ya Mbugua, na akafuatana naye hadi kituo cha polisi. Kabla hajaondoka, Bwana Maxwel, mkuu wetu, alimwambia apunguze moto, kwamba barua ndogo ya kuwaruhusu waizungushe bunduki ingemaliza maneno bila kumuudhi mteja. Barua ndogo. Madam alikataa kuiandika, na ndugu wale kwa hasira wakabeba faili zao wakaenda kwa wakili mwingine.

Basi tulimwadhibu mtu kwa kufanya kazi yetu. Hakuna hata mkuu mmoja aliyeketi naye akauliza kwa nini mwanamke aliyewabembeleza wajane kwa miaka mingi alilipuka siku ile kuliko siku zote. Nimewakasirikia, na sioni haya kulisema katika karatasi yenye nembo ya ofisi. Hiram ameomba msamaha. Ofisi bado.

Sue alimwacha yule bwana mwezi wa nne. Anaishi Nakuru na watoto wake, na ndugu zake sasa wanajua kila kitu.

Madam Trizah, asante kwa vifungu, kwa makaripio na kwa ukimya ule uliokugharimu kiti chako. Nenda Keringet ulime viazi vyako kwa afya na amani, umri mrefu, na majirani wasiokuudhi mno, ingawa tunajua utawapata wa kuwakaripia. Zawadi yako ilipangwa ikabidhiwe na Bwana Maxwel. Nimebadilisha ratiba bila kumuuliza. Utaipokea mikononi mwa Sue, aliye hai, ambaye ameketi pale mbele na watoto wake wawili.

Lynn Cherono, masijala