Tone la Damu Lililomwondolea Kariuki Lawama

Ndugu zangu katika Bwana, nawasalimu. Namshukuru Mungu aliyenisimamisha mbele yenu hapa Naro Moru, maana wengi wenu mliniona nikiwa siwezi hata kujifunga viatu.

Mimi nilikuwa mpagazi wa mlimani. Miaka ile baada ya uhuru wageni walikuja wengi kupanda Mlima Kenya, nami na rafiki yangu Kariuki tuliwabebea mizigo. Tulikula sufuria moja, tukalala hema moja. Kisha nikachaguliwa kuwa kiongozi wa wapagazi, naye akaachwa.

Mwezi haukuisha, nikaanza kukauka. Nilikunywa maji ya mto kama ng'ombe, na kila baada ya hatua chache nikatafuta kichaka. Nilikula chakula cha watu wawili na bado nikakonda. Mke wangu akasema, "Baba Njeri, hii suruali nimeipunguza mara mbili. Twende hospitali."

Sikumsikia. Moyoni nilikuwa nimeshakata shauri kwamba Kariuki amenitilia kitu kwenye chai kwa wivu. Nikamfuata sokoni, nikamwambia mbele ya watu, "Wewe ndiye unaniua." Aliokota gunia lake la viazi akaenda. Tangu siku ile hakuna mpagazi aliyekubali kulala naye hema moja. Akakosa kazi. Ndugu zangu, nilifanya hayo huku kila Jumapili nikiimba kwaya.

Asubuhi moja tukiwa njiani kupanda, miguu ilikataa. Nikatapika, pumzi ikawa ya kasi kama ya mtu aliyefukuzwa. Wenzangu waliogopa kunigusa, wakasema sumu imeiva. Mmoja akakimbia kushuka kutafuta msaada. Aliyepanda kunichukua alikuwa Kariuki. Alinibeba mgongoni hadi barabarani, tukapata lori la viazi, likatufikisha hospitali ya misheni Nyeri.

Muuguzi mmoja, Sista Agnesi, alinidunga kidole. Tone la damu akaliweka kwenye ncha ya kikaratasi kigumu, akatazama saa yake, kisha akaiosha ncha ile kwa maji. Ile ncha ilikuwa imegeuka buluu iliyokolea. Akaiingiza kwenye mashine ndogo iliyowaka taa ndani, na mshale wake ukaenda hadi mwisho.

"Sista, hiyo inapima nini?" Kariuki akauliza.

"Inasoma rangi kwa mwangaza. Sukari ikizidi kwa damu, rangi inakolea."

"Kwa hivyo si sumu?"

"Sumu gani? Huyu ako na ugonjwa wa sukari. Hakuna mtu amempea."

Kariuki aliketi sakafuni, akafunika uso kwa kofia, akalia. Nami nililala pale nikiona aibu kuliko maumivu. Siku ya tatu, nilipoweza kusema vizuri, nilimwomba msamaha. Akanijibu, "Pona kwanza. Halafu utayarudisha maneno yako pale uliyasemea."

Nilipona, nikayarudisha. Nilisimama sokoni siku ya soko, nikasema, "Huyu mtu nilimsingizia." Nilisema hadi mwisho. Wapagazi wakampa uongozi, kwa kuwa mimi mlima sikuupanda tena. Tangu hapo najidunga dawa kila asubuhi, nalima kitunguu changu, na wajukuu wananiita guka.

Ndugu zangu, Bwana aliniokoa mara mbili: mwili kutoka kwa ugonjwa, na roho kutoka kwa chuki. Alitumia mikono ya Sista na kikaratasi kisichozidi kidole, wala sioni haya kusema hivyo kanisani. Ukiwa na kiu isiyoisha na mwili unapungua, omba, kisha uende ukapimwe. Mungu haogopi ukweli wa damu yako. Na kama kuna mtu umemtaja kwamba ndiye aliyekuroga, mwamini Bwana leo, uondoke hapa uende kwa mtu huyo umwombe msamaha kabla hujafika nyumbani.