Dinah Nzula: Kwanza Mama Aelewe

Maneno haya yameandikwa na ndugu yake mdogo, Nzau, kwa niaba ya familia. Tunayaandika tukiwa bado hatujaamini. Jumapili ya tarehe 2 mwezi huu Nzula alikuwa akitugawia chapati na kuuliza ni nani atanunua mbuzi wa Krismasi. Leo ni Ijumaa ya tarehe 14, na tumesimama kando ya kaburi lake hapa Kisaju.

Dinah Nzula alizaliwa tarehe 22 Novemba 1984 mjini Kajiado, mtoto wa kwanza wa marehemu Mzee Josphat Munguti na Mama Phylis Mbeke. Baba alikuwa ametoka Makueni kutafuta kazi kwenye machimbo ya mawe. Ulikuwa mwaka wa njaa, lakini Mama anasema siku ile mvua ilinyesha kutwa nzima. Jirani yetu Mmaasai alileta maziwa kwenye kibuyu, akamtazama mtoto na kumwita Naserian, yaani mwenye amani, na majirani wa pale walimwita jina hilo mpaka tulipohamia Kitengela. Angetimiza miaka arobaini na mmoja wiki ijayo.

Alisoma shule ya msingi mjini Kajiado kuanzia mwaka 1991 hadi 1998, kisha akajiunga na shule ya bweni ya wasichana huko Machakos, alikomaliza kidato cha nne mwaka 2002. Akiwa kidato cha pili alimpokea Yesu kuwa Bwana na Mwokozi wake, na hakurudi nyuma. Mwaka 2008 alihitimu shahada ya biashara jijini Nairobi. Wakati wa likizo alikuwa akinisahihishia insha. Mara moja alinirudishia karatasi akaniuliza, "Nzau, haya maneno makubwa yote umeyaweka ya nini? Unaficha nini?"

Mwezi wa Februari 2009 aliajiriwa katika Idara ya Afya ya Jamii, Kitivo cha Utabibu cha Chuo Kikuu cha Kaputiei, mjini Kajiado. Alianza kama karani, na kuanzia mwaka 2013 akawa msimamizi wa maombi ya ufadhili wa utafiti. Wengi kanisani walikuwa wakituuliza hiyo ni kazi gani. Ni hivi: daktari akitaka kuchunguza ugonjwa fulani, lazima aandikie wafadhili aeleze anataka kufanya nini, na nani, kwa njia gani, na kama watu atakaowapima wamekubali. Nzula ndiye aliyekusanya hayo yote, akatafuta vibali na sahihi, akasoma kila ukurasa, kisha akatuma. Madaktari wana wagonjwa na wanafunzi, kwa hiyo aliwafuata kama mama anavyofuata watoto wasiotaka kuoga. Mkuu wa idara, Profesa Kiragu, alituambia hivi kwenye maombi ya jioni pale nyumbani: "Nzula akikohoa tu kwenye korido, sisi wote tunakumbuka tuko na mkutano mahali." Alisema hivyo tukacheka, naye akaketi.

Alikuwa na sheria mbili. Ya kwanza, ombi hutumwa siku moja kabla ya tarehe ya mwisho, kwa sababu stima ya Kajiado hupotea wakati wowote na haijui tarehe za Wazungu. Ya pili ilimhusu Mama.

Mwaka 2014 ombi moja la idara lilikataliwa. Wafadhili walisema ule ufupisho unaoandikwa kwa ajili ya mtu wa kawaida haukueleweka. Nzula alikuja nyumbani Jumapili akiwa amekasirika, akaketi jikoni ambapo Mama alikuwa akichambua ndengu, akaanza kumsomea kwa Kiswahili.

Mama akasema, "Nzula, mimi sijaelewa. Huyu mtu anataka nini?"

"Anataka kujua mbona figo za watu zinaharibika mapema."

"Si basi aseme hivyo!"

Tangu siku hiyo, hakuna ombi lililotoka katika idara hiyo kabla Mama hajasomewa. Baada ya chakula cha Jumapili vyombo viliondolewa, naye Nzula akatoa karatasi zake. Mama hakumwonea mtu haya. Aliwahi kukataa utafiti mzima kwa sababu ya panya. "Panya wa nini, na wagonjwa wamejaa hapa Kitengela?" Ilibidi Nzula amweleze habari ya panya hao wiki tatu. Siku nyingine Mama alisinzia katikati ya kusomewa, na Nzula akamwandikia Profesa ujumbe kwenye simu: "Mama amelala. Tafadhali andika upya." Na Profesa aliandika upya. Shangazi yetu Zipporah alizoea kumtania Mama, "Wewe Phylis, hawa watu wakulipe mshahara," naye Mama akamjibu, "Wanilipe niache kuuliza?"

Tarehe 10 Desemba 2011 Nzula alifunga ndoa takatifu na Bwana Peter Kisilu, fundi wa mitambo ya maji, katika kanisa letu la Kitengela. Kisilu ni mtu wa maneno machache, na Nzula alisema hilo ndilo lililompendeza, kwa kuwa kutwa nzima alikuwa akipunguza maneno ya watu wengine. Mungu aliwajalia watoto wawili, Cate Mbeke, aliye gredi ya nane, na Munguti, aliye gredi ya nne. Alikuwa mwimbaji wa sauti ya pili katika kwaya ya akina mama, na mtu wa kwanza kufika jikoni kwa watu waliofiwa. Juma hili wanawake wenzake walikuwa wakiulizana sufuria kubwa ziko wapi, kwa sababu aliyejua ziko wapi ni yeye.

Nzula hakuwa mgonjwa. Tumeulizwa swali hilo na kila aliyefika, na jibu ni hilo hilo. Jumapili ile ya mwisho hakusoma kitu. Alikuwa na ombi la kwanza kabisa la Daktari Nduta, daktari wa kike, kijana, wa idara yao. Lilihusu maji ya visima vya huku kwetu, yanayotia meno ya watoto madoa na huenda yanaumiza mifupa ya wazee. Tarehe ya mwisho ilikuwa Ijumaa ya tarehe 7. Mama alimuuliza, "Leo hakuna ya kusoma?" Akamjibu, "Iko, Mama, lakini bado haijaiva. Jumatano nikitoka kazini nitapita nikusomee."

Siku ya Jumanne, tarehe 4 Novemba 2025, alifika kazini kama kawaida. Asubuhi hiyo alimaliza kuandika ule ufupisho kwa Kiswahili, akapika chai. Alikuwa amesimama dirishani, kikombe mkononi, akicheka na Daktari Nduta, akasema, "Nduta, kichwa kimeniuma ghafla." Kikombe kikaanguka, na yeye pia. Alianguka katikati ya madaktari. Profesa Kiragu ndiye aliyemshika. Walifanya yote waliyojua kufanya, wakamkimbiza hospitalini, wakampigania. Mshipa wa damu ulikuwa umepasuka kichwani. Nzula alifariki mchana huo huo.

Siku ya pili yake, Jumatano, nyumba ya Mama ilijaa watu. Daktari Nduta alikuja na wenzake, akaketi karibu na mlango akiwa ameshika bahasha. Shangazi Zipporah alipoiona bahasha hiyo alisema kwa sauti, "Jameni, watu wamefiwa, nanyi mnaleta makaratasi?" Yule binti akasimama aondoke. Baadaye alituambia kwamba alikuwa amekata shauri asilitume ombi lile, maana nani angemwambia kama liko tayari?

Mama akamwita. "Wewe ndiye Nduta wa maji?"

"Ndiyo, Mama. Pole sana, Mama. Naweza kurudi siku nyingine."

"Nzula aliniambia ni Jumatano. Leo si Jumatano? Keti hapa. Soma."

Nduta alisoma maneno ambayo Nzula aliyaandika asubuhi yake ya mwisho. Alipofika katikati sauti ilikatika, na Mama akamshika goti mpaka akaweza kuendelea. Mwishoni Mama aliuliza swali moja tu: "Na sisi wazee wa magoti mtatupima, ama ni watoto peke yao?"

"Wazee pia, Mama. Ameandika wazee pia."

"Basi nimeelewa. Tuma leo, usingoje kesho."

Ombi lilitumwa jioni hiyo. Wafadhili bado hawajajibu, na familia inawaomba mwiombee kazi hiyo.

Nzula ameacha mume wake, Peter Kisilu, na watoto wake, Cate Mbeke na Munguti. Ameacha mama yake mzazi, Phylis Mbeke, mimi ndugu yake Nzau, shangazi yake Zipporah, jamaa wa Makueni, na washirika wa kanisa na wenzake wa kazi, ambao tumewaona wakilia kama ndugu.

Kwa desturi aliyoiweka yeye mwenyewe, wasifu huu nao ulisomwa mbele ya Mama kabla ya kupelekwa kuchapishwa. Aya ya kuzaliwa aliisikiliza, akasema nisisahau mvua. Aya ya ndoa akatikisa kichwa kukubali. Nilipofika kwenye Jumanne aliniinulia mkono.

"Hapo sijaelewa. Rudia."

Nikarudia.

"Nzau, sijaelewa. Alikuwa amesimama. Ako na kikombe mkononi."

Nikajaribu kwa maneno mengine, mafupi zaidi. Kisilu akajaribu. Mchungaji naye akajaribu, akaishia kuomba. Mama alitusikiliza sote kwa heshima, kisha akasema, "Bado."

Nzula asingeruhusu karatasi itoke hivyo. Lakini mpiga chapa alikuwa akingoja, na sisi hatukupata maneno mepesi kuliko yale. Aya hiyo mmeisikia kama ilivyo. Tunamwachia Bwana, siku atakayopenda, amketishe Mama amweleze mwenyewe.

Lala, Nzula wetu, Naserian. Bwana akupe pumziko lake, na amani yake isikuondokee.