Mama Pumba Anatuachia Wifi

Ijumaa hii, tarehe 28 Juni, Mama Pumba anastaafu baada ya miaka thelathini na mmoja katika maabara yetu ya vimeng'enya. Hiyo ni hesabu ya ofisi ya utumishi. Mwenyewe anasema ni thelathini na miwili, kwa sababu alianza kazi kabla barua ya ajira haijafika. Tumejaribu kuwapatanisha tukashindwa, kwa hiyo msomaji achague mwenyewe.

Jina la utani lilitokana na magunia ya pumba za mahindi yaliyojaa ofisini kwake hadi mgeni akakosa pa kuketi. Wapo waliodhani ni tusi, maana kuongea pumba ni kuongea upuuzi. Yeye alilipenda, akalibandika mlangoni.

Kwa wale wa idara nyingine ambao hadi leo wanadhani tunapika uji, kazi yake ni hii. Kuta za seli za mimea zimejengwa kwa sukari zilizoungana kuwa minyororo mirefu yenye matawi. Kuku akila pumba, sehemu kubwa ya sukari hizo humpitia tumboni bila kumfaa. Lakini wapo bakteria wanaotoa vimeng'enya vya kuikata minyororo hiyo. Mama Pumba aliwapata kwenye udongo nyuma ya mashine ya kusaga, akawalea, na kwa vimeng'enya vyao akatutengenezea unga ambao wafugaji huchanganya kwenye chakula cha kuku.

Mkanganyiko ulianzia kwenye majina. Badala ya kuwapa bakteria namba, aliwapa undugu. Anayekata mnyororo wenyewe alimwita Shemeji, kwa kuwa huingia moja kwa moja hadi sebuleni. Anayetangulia kupunguza matawi ya pembeni alimwita Wifi, kwa sababu, alivyoeleza, wifi huanza kwa kuchambua mapazia ndipo aje kwenye hoja. Akina dada wa uhasibu, ambao wote ni mawifi wa watu, walinuna wiki nzima.

Bila Wifi, Shemeji hapati pa kukata. Kwa hiyo Mama Pumba alipotoka chumba cha joto, wanamolelewa bakteria, asubuhi moja akilia kwamba Wifi amekufa, lilikuwa jambo zito, ila kila mtu alisikia lake. Mhasibu alimkumbatia akampa pole na kuuliza mazishi ni lini. Dereva alileta gari mlangoni, tayari kwa safari ya msibani. Fundi wa mtandao, ambaye hana mazoea ya kusikiliza viambishi, alipanda ngazi, akazima na kuwasha kisanduku chake, kisha akatangaza kwa furaha kwamba wifi imerudi. Mama wa watu alitimua mbio hadi chumba cha joto, akakuta chupa ya Wifi iko vilevile. Ilituchukua muda kuelewana. Hatimaye alimfufua Wifi kutoka akiba ya kwenye jokofu, lakini pole za mhasibu alizipokea zote.

Mwezi huu alitukabidhi chupa, nasi tukachanganyikiwa upya. Wifi alikuwa hai na anaongezeka, lakini hakati hata tawi moja. Unga haukufanya kazi, na wafugaji walikuwa wanausubiri. Tulibadilisha joto, tukabadilisha chupa, tukalaumiana. Kusema kweli niliogopa kwamba kazi ya maisha yake itatufia mikononi hata kabla hatujamkabidhi zawadi. Tulipomwita alikuja, akanusa chupa, akacheka mpaka akashika meza. Kumbe kwa huruma zetu tulikuwa tunamwongezea Wifi sukari ya kawaida, na bakteria huyu akipata sukari ya mteremko hahangaiki tena kutoa kimeng'enya. Anadeka. Akaagiza tumwachie pumba tupu, akaondoka bila kusubiri matokeo, na akatuonya kwamba hatapokea simu ya yeyote kati yetu mpaka tuzoee kuhangaika wenyewe.

Leo asubuhi, kwenye sahani ya majaribio, tumeona duara angavu likimzunguka Wifi, dalili kwamba sukari za pumba zimekatwa. Tulimpigia Mama Pumba papo hapo. Simu iliita hadi ikakatika. Tukaazima ya mhasibu, tukaazima ya dereva, nazo hakupokea.

Basi, kwa kuwa tunajua jarida hili atalisoma, tunamwambia hapa hapa: Mama, amekula. Asante kwa yote uliyotulelea. Tunakuombea mapumziko marefu, afya na usingizi wa mchana usiokatizwa, na siku moja moja, tafadhali, pokea simu.