Mtoto Mgeni, Pizote na Gitaa la Evelio

“Kuhusu Kusindikizwa kwa Mtoto Mgeni na Wanyama Wasio na Kibali, Ndani ya Hifadhi, Nje ya Saa za Kazi.” Tangazo hilo lilibandikwa asubuhi na mapema kwenye mlango wa duka la Doña Nidia, juu ya benchi letu, na ofisi ya serikali ambayo haijawahi kuziba shimo hata moja la barabara. Mtoto mwenyewe ni Marisel, miaka sita, aliyeletwa kutoka mjini kumtembelea Evelio, baba yake wa ubatizo. Jana alasiri alipotea. Leo kulipopambazuka akatoka msituni katikati ya kundi la pizote, wale wanyama wa pua ndefu, mikia imesimama kama mishumaa ya maandamano ya kanisa. Mama yake alikuwa njiani kwa basi la mchana. Bila maelezo ya maana, Evelio asingeachiwa tena mtoto yule. Maelezo tulikuwa nayo, na birika zima la kahawa.

— Pizote hunusa ukoo wa mtu, alianza mwenzetu tuliyembandika jina la Askofu, ambaye hakosi misa wala haisikilizi.

— Hunusa maganda ya ndizi, alisema Doña Nidia.

— Mama, nyayo umeziona? Kiatu cha mtoto katikati, wao pande zote. Hata rais hatembei hivyo.

Nyayo zile tuliziona sote, na hakuna aliyethubutu kuzikanyaga.

— Na wale kima wapiga mayowe walinguruma milimani, alidakia Nusu Tanki, dereva wa lori la maziwa. Ile ilikuwa simu.

— Chui naye akafunga njia.

— Chui gani, Askofu? Mbona hatukumwona?

— Alikuwa kazini.

— Ndiyo maana wakasema mtegemea cha nduguye hufa maskini, alihitimisha Nusu Tanki, ambaye methali zake hupotea njia.

Evelio hakucheka.

— Sasa mama yake nimwambie chui?

— Mwambie ukweli, ndugu yangu, alisema Askofu. Kibwengo wa kofia kubwa alimwiba. Wewe, baba wa ubatizo, ukapiga gitaa lisilolingana nyuzi mpaka alfajiri, kama walivyofanya wazee wetu, maana kibwengo havumilii muziki mbovu. Akamwachia.

— Na kwa ubovu, Evelio, huna mpinzani, alidakia Nusu Tanki.

Gitaa kweli alikuwa amelipiga; Evelio akaanza kukaa wima.

Marisel akatoka dukani na kipande cha mkate, akajibana kwenye benchi.

— Jana jioni nilishaona taa za hapa, alisema. Halafu likaanza lile gitaa. Nikakimbia kurudi msituni. Nani alikuwa analipiga?

Askofu akachungulia kikombe chake. Doña Nidia akatangaza kwamba kahawa imekwisha, na birika limejaa nusu.

Basi lilipofika, Evelio alimweleza mama yule habari ya gitaa lililomkimbiza mtoto, yote, hata wimbo. Mama akaomba aonyeshwe nyayo. Aliziinamia muda mrefu. Akasema Marisel atarudi likizo ijayo, ila gitaa libaki kwa Doña Nidia.

Pizote walikuwa wanakwenda kula maganda nyuma ya duka, kama kila asubuhi. Njiani, nyayo zilionyesha, mtoto alikaa chini mara kadhaa kupumzika. Kila alipokaa, nyayo zao zilimzunguka mahali hapohapo. Walimngoja.