Darasa la Mtu Mmoja

Wazazi wetu, mama zangu wa kikundi, na nyinyi vijana mliokaa karibu na mlango ili kutoroka kuwe rahisi, nawasalimu wote kwa jina lake Yeye aliyetuamsha. Nimeambiwa niongee kidogo. Wanaonijua wanaijua hiyo "kidogo" yangu, kwa hivyo kaeni vizuri.

Wengi mnanijua kama yule dada wa vitenge pale Busia mjini. Leo vitenge vipumzike. Nataka kuwaambia juu ya miaka miwili niliyokaa darasani peke yangu, na uongo niliouandika kwa mkono wangu mwenyewe.

Nilikuwa fomu tatu, shule ya bweni ya wasichana. Wakati wa kuchagua masomo ulipofika, baba yangu alikuwa ameshanichagulia Biashara. Baba, ambaye siku hizi amestaafu na popote aendapo anakaa kiti cha nyuma, alikuwa akitoa mizigo ya watu forodhani Malaba. Aliniambia, "Chukua Biashara, ukimaliza nakupa meza kwa ofisi. Hizi trela zote unaona, hakuna dereva ameniuliza kama najua kuimba." Mimi nikachagua Muziki. Kwa nini? Ndugu zangu, nawaambia ukweli, nilikuwa naupenda tu. Hata leo sina sababu nyingine.

Baba hakunipiga wala hakugomba. Siku ya wazazi alikuja na ndizi na sabuni, akauliza Hesabu, akauliza Kemia, akauliza Jiografia. Akifika Muziki, anaruka, anauliza kama maji ya kuoga yanatosha. Afadhali angenigombeza nijue moja.

Tulikuwa tumechagua wasichana watano. Mwalimu wetu akapata uhamisho hata kabla muhula haujaisha, na wenzangu wakahama, wawili Kilimo, wawili Biashara. Nikabaki mimi, kwenye chumba kidogo nyuma ya jikoni, pamoja na adeudeu, kile kinubi cha Wateso, ambacho mwalimu alikiacha kikining'inia ukutani. Mwalimu mkuu akatafuta mwalimu wa shule nyingine awe anakuja Jumanne na Alhamisi. Alikuja mara mbili. Hakurudi tena.

Sasa sikieni kosa langu. Kila somo lilikuwa na fomu ambayo kiranja anajaza: mwalimu amefika au hajafika, wanafunzi ni wangapi. Kiranja wa Muziki nilikuwa mimi, maana angekuwa nani mwingine? Niliogopa kwamba nikiandika "hajafika" wiki tatu nne, somo litafungwa na nitapelekwa Biashara. Basi nikaandika "amefika". Wanafunzi: mmoja. Niliandika hivyo muhula mzima.

Uongo huo ndio ulionifungia mlango. Ningemlilia nani kwamba sina mwalimu, na karatasi inasema ninaye? Wasichana wa Kilimo wakitoka shambani na matope yao na vicheko vyao, wananiuliza, "Leo mlifanya nini?" Najibu, "Tuliimba." Tuliimba na nani, jamani? Na kiti?

Mwanzoni nilijaribu. Nilipiga kinubi vile vile mwalimu alivyokiacha. Hata niliweka alama ya kalamu kwenye vigingi vya nyuzi visije vikasogea, maana nilidhani pale alipokaza mwalimu ndipo alipokaza Mungu. Lakini mwalimu alikuwa mwanaume wa sauti nzito. Nikifuata nyuzi zake, sauti yangu inazama, inakwama kooni kama ugali mkavu. Nikajiambia, basi, baba alisema kweli, huna kipaji. Nikaacha kuimba. Nikawa nalaza kichwa mezani mpaka kengele ilie. Nimeuona upweke mara nyingine maishani, lakini ule wa saa nane mchana, shule imejaa watu na hakuna hata mmoja anayekujia, uliniumiza kuliko wote.

Aliyenigundua ni mpishi wa shule, mama mmoja Mteso kutoka Malaba, mtu wa maneno machache na mikono mikubwa. Alhamisi moja aliusukuma mlango kwa nyonga, amebeba karai la maharagwe, akanikuta nimelala.

"Mwalimu wako ako wapi?"

"Ametoka kidogo, mama."

"Ametoka kidogo. Mimi kila Jumanne na Alhamisi natuma chai yake huku. Muhula mzima kikombe kinarudi kimejaa. Huyo mwalimu anafunga na kuomba?"

Nililia, na nikamweleza yote. Hakuniambia ninyamaze. Aliketi, akaweka karai mapajani, akaanza kuchambua. Nilipomaliza akasema, "Sasa imba."

"Siwezi, mama."

"Mimi sijui muziki. Nimekuja kuchambua maharagwe tu. Imba nisisinzie."

Nikashusha kinubi, nikaimba. Sauti ikazama pale pale. Mama akainua uso. "Hiyo ni sauti ya nani?"

"Yangu."

"Hapana. Marehemu baba yangu alikuwa anapiga hiyo kitu kwa sherehe. Alikuwa anaimba kwanza, halafu anakaza nyuzi zifuate koo yake. Mtu mwingine akiazima, anafungua zote anakaza upya. Wewe umekaa na koo ya mtu mwenye alishaenda."

Nikazungusha kigingi cha kwanza kupita ile alama ya kalamu. Nilikaza uzi mmoja mmoja mpaka kengele ikakaribia kulia. Nilipoimba tena, ndugu zangu, nilishtuka. Kumbe nilikuwa na sauti.

Siku hiyo hiyo mama alinipeleka ofisini nikaungama ile fomu. Nililima nyuma ya vyoo wiki mbili, na nilistahili. Mwalimu mkuu naye alikiri kwamba hakuwahi kuja kuangalia, akapata mwalimu wa Jumamosi, mara moja kila wiki mbili. Haikutosha. Siku zilizobaki zote alikaa mama na karai lake. Hakunifundisha nota hata moja. Mara moja moja tu alisema, "Hapo umekimbia, rudia."

Mtihani ulifanyiwa chumba kile kile. Watahini wawili, mimi mmoja. Nilikaza uzi uliokuwa umelegea, nikaanza. Kwenye dirisha la jikoni nikasikia maharagwe yakianguka ndani ya karai, na sikuogopa tena.

Matokeo yalipotoka, Muziki ndio niliopita vizuri zaidi. Baba aliisoma karatasi kutoka juu hadi chini, na mara hii hakuruka. "Muziki umepita," alisema, kisha akatoka nje.

Sikuwa mwanamuziki wa kutajwa. Nauza vitenge, nafundisha kwaya, na uvumilivu wenu kwa kwaya hiyo Mungu anauona. Lakini mama yule namshukuru mbele yenu, na mwalimu wa Jumamosi, na mwalimu mkuu aliyenisamehe. Wazazi, mtoto akichagua kitu ambacho hukielewi, si lazima ukielewe. Beba kazi yako ya mkono, ukae karibu, ajue kuna mtu.

Na sasa ombi. Hapa Bumala kuna msichana wa fomu tatu amebaki Muziki peke yake. Mwalimu wake mkuu amekubali tuwe tunakaa naye. Jumanne naenda mimi na karai langu. Alhamisi napokea mzigo mpakani, siwezi. Nani atanishikia Alhamisi?

Naona mkono huko nyuma. Nani huyo? Simama tukuone, mzee.

Baba?

Baba, wewe umewahi kuchambua maharagwe lini? Haya. Njoo nayo hivyo hivyo, na mawe yake. Wewe kaa tu, yeye ataimba.