Wapiga Mishale wa Fundi Saa

Waliokuwepo Jumamosi ile kwenye benchi mbele ya kinyozi ni hawa. Kinyozi mwenyewe, mwenye benchi. Seremala, aliyeitengeneza meza iliyo mbele ya benchi na asiyechoka kuwakumbusha. Fundi Saa, ambaye hakugusa saa ya mtu tangu mikono ianze kumtetemeka. Na Karani, mstaafu wa masijala, aliyekaa mwisho kabisa, birika la kahawa miguuni na daftari la kanuni mapajani. Hapo ndipo walipopigana vita vyao vya mezani kila mwisho wa juma: askari wa plastiki urefu wa dole gumba, milima ya taulo, kuta za viberiti, na dadu za kuamua nani afe. Kanuni zilikuwa thelathini na moja, zote kwa mwandiko wa Karani, na ya nne ilisema: askari asiyepakwa rangi haingii vitani.

Siku hiyo Fundi Saa alifungua boksi. Ndani walilala wapiga mishale arobaini, weupe pe, kama walivyotoka kiwandani miaka sita nyuma.

— Kesho hawa wanapigana, akasema.

— Kanuni ya nne, akasema Karani.

— Mzee mwenzangu, hebu tazama.

Akainua mkono. Ukatetemeka hewani kama unaaga mtu. Karani akautazama, akalitazama daftari. Mstari mmoja wa kalamu ungetosha. Lakini kwa miaka thelathini na minne ya masijala hakuwahi kufuta kitu, na hakutaka kuanzia kwa rafiki.

— Kanuni haisemi nani apake, akasema hatimaye. Leteni brashi.

— Arobaini kwa kesho? Seremala akacheka. Hao ni wa kuchovya! Ninalo kopo la rangi ya milango.

— Rangi gani? Fundi Saa akauliza.

— Bluu.

— Wapiga mishale wa bluu uliwaona wapi wewe?

— Wametoka mbali, baridi imewapiga. Haba na haba hujaza kibaba.

— Hiyo inaingiaje hapa?

— Kibaba ndilo hili kopo, bwana!

Wakachovya. Karani alichukua brashi ya nywele tatu akaanza kupaka nyuso, mmoja mmoja, pumzi ameibana. Fundi Saa, asiyeweza kupaka, aliamuru.

— Huyo mtie masharubu. Huyo mnunishe, ni shemeji yangu. Huyo... mwache hivyo hivyo, alizaliwa mzuri.

Alasiri rangi bado mbichi.

— Ngoja ngoja huumiza matumbo, Kinyozi akasema. Mke wangu ana draya ya saluni humo ndani, ile ya kuvaa kichwani. Wanawake wanatoka wamekauka, sembuse hawa?

Wakawapanga kwenye sinia, wakaliweka chini ya draya, moto wa juu kabisa. Kisha wakaanza kubishana kwa nini askari mwenye rangi hupata dadu nzuri. Kinyozi alisema dadu nayo ina macho, hupenda kinachopendeza. Seremala alisema ni uzito wa rangi, askari mzito huituliza meza, dadu ikatulia kwenye sita. Mabishano yalipofika kwenye mwezi unavyovuta maji ya bahari, Karani akainua pua.

— Kuna harufu.

Sinia lilipotoka, wapiga mishale wote arobaini walikuwa wamekauka vizuri, nao wameinama kiunoni, vichwa magotini, kama wanaotafuta sarafu mchangani.

Kinyozi akaizima draya.

— Samaki mkunje angali mbichi, Kinyozi akanong'ona.

— Hiyo ni ya kulea watoto! Fundi Saa akafoka. Umenikunjia jeshi!

— Wamepakwa, Karani akasema upesi. Kanuni ya nne imetimia. Kesho wanaingia.

Jumapili wakaingia, nyuma ya ukuta wa viberiti. Kila anayetaka kupiga hunyoosha uzi mweusi, kutoka jichoni mwa askari wake hadi kwa adui. Uzi ukizuiwa, mshale hauendi. Karani, aliyekuwa upande wa adui, akanyoosha. Viberiti vikauzuia.

— Simuoni hata mmoja.

— Umeona sasa? Kinyozi akaruka. Hiyo ni kazi yangu! Majeshi yote ya zamani yalipigana yameinama. Kusimama wima kumeletwa na wapiga picha!

— Mwenda pole hajikwai, Seremala akaunga mkono. Na binadamu mwenyewe, mgongo wake ulinyooka siku alipokosa maadui.

— Zamu yangu, Fundi Saa akasema. Nipe uzi.

Uzi ukatoka jichoni mwa mpiga mishale wa kwanza, ukashuka moja kwa moja hadi kwenye kiatu chake.

— Anaona kiatu, Karani akasema.

— Basi apige kiatu!

— Akipata sita, amejiua.

— Hata wa masharubu?

— Na wa masharubu.

Fundi Saa alicheka mpaka akashika ubavu. Akazichukua dadu bila kulenga kitu. Mkono ule ule ukazitikisa wenyewe, vizuri kuliko mkono wowote pale benchini. Sita. Sita tena.

— Mungu wangu, bahati yote hiyo na hana wa kumpiga! akasema Seremala.

Saa kumi na moja birika likatoa mashapo ya kahawa tu. Mke wa Fundi Saa akaja kumchukua mumewe. Akaitazama meza kwa muda.

— Shemeji zangu, nani kashinda?

Seremala akamtazama Kinyozi. Kinyozi akazitazama taulo. Karani akalifunua daftari toka mwanzo hadi mwisho, akalifunga.

— Nipe mpaka Jumamosi, shemeji.

— Wasiguswe! Fundi Saa akasema, akiinuka kwa kushika bega la mkewe. Wamelinda ukuta siku nzima hawa.

Jumatano Karani akaiandika kanuni ya thelathini na mbili: askari aliyepinda kwa joto ahesabiwe amesimama wima. Fundi Saa alifariki Alhamisi, saa nne asubuhi.